Kidole cha Saulo

Ikongwe nzima ilijua kwamba Mama Saulo alikuwa akiongea kwa kidole cha mwanawe, na hakuna aliyeona ajabu. Mwaka ule kila laini ya simu ilipotakiwa isajiliwe kwa alama za vidole, nusu ya wazee wa kijiji hawakuwa na vitambulisho vya taifa. Wengine majina yao yalikosewa, wengine walikuwa mashambani siku waandikishaji walipopita. Mama Saulo mwenyewe, Veneranda Kalinga, alikuwa safarini akimzika dada yake. Basi vijana wakatoa vidole. Mjukuu akamsajilia babu, mkwe akamsajilia mama mkwe, na Saulo, ambaye wakati huo alikuwa nyumbani akigema ulanzi, pombe ya mianzi, na kuchekesha watu, akabonyeza kidole gumba juu ya mashine ya wakala pale gulioni, kisha akamgeukia mama yake.

"Haya, mama. Kuanzia leo ukimtukana mtu kwenye simu, nitafungwa mimi."

Tangu siku hiyo, kila aliyemtumia Veneranda pesa kwa simu aliona jina la Saulo Kalinga likitokea. Katekista aliwahi kumtania mbele ya watu waliotoka misani: "Mama Saulo, nimekurudishia chenji yako, naambiwa nimemtumia mwanaume. Umebadilika lini?" Veneranda alicheka pamoja nao. Moyoni alilipenda lile jina kukaa pale. Hata baada ya Saulo kufunga begi na kwenda Makongolosi kutafuta dhahabu, mama aliona kama kijana ameacha mkono mmoja nyumbani.

Saulo alikuwa akipiga kila Jumapili. Alipiga wakati watu wametoka kanisani, akijua mama yake atakuwa amesimama juu kwenye ukuta wa mawe wa kanisa, mahali ambapo mtandao ulishika. Aliuliza habari za mahindi, habari za mbwa, akamwomba amsalimie jirani yao Matilda na kumwambia anamdai wimbo. Kisha mvua za kwanza zikanyesha, na simu zikakoma. Jumapili moja ikapita, nyingine ikapita. Veneranda alipompigia, hakupatikana. Aliendelea kusimama kwenye ule ukuta, watu wakimpita na salamu fupi, mpaka mahindi yakatoa mbelewele.

Hapo ndipo gari la kampuni ya simu lilipopanda mlima, na spika mbili kichwani.

"Mtandao wa zamani unaaga!" kijana wa ndani ya gari alipaza sauti. "Mtandao wa kasi unaingia! Njoo na kitochi chako, ondoka na simu ya mifumo miwili, inayosoma mtandao wa zamani na mpya!"

Wanafunzi walishangilia. Walikuwa wamechoka kupanda juu ya jabali ili picha moja ifunguke. Mafundi nao walikwisha kuukwea mnara wa Ikongwe, wakatundika makasha mapya kando ya yale ya zamani. Kijana wa spika alieleza kwamba kwa sasa yote mawili yanafanya kazi, lakini mwezi ukiisha yale ya zamani yatazimwa na kuteremshwa. Simu za kale hazitashika chochote. Zitabaki kumulika njia ya choo.

Wazee walipanga foleni pale pale kando ya gari, kila mmoja na kijana wake aliyemsajilia. Kidole kikawekwa, kadi ikabadilishwa, mzee akaondoka na simu mpya ndani ya kiboksi. Ilipofika zamu ya Veneranda, wakala aliangalia mashine, akaangalia nyuma ya mama, akaangalia tena mashine.

"Mwenye kidole yuko wapi?"

"Yuko Makongolosi."

"Basi hapa sina la kufanya, mama. Nenda dukani kwetu mjini, Mlandege."

Akashuka Iringa mjini kesho yake. Dukani Mlandege alihudumiwa na msichana aitwaye Jackline, Mnyakyusa aliyeletwa Iringa na kazi, mwenye sauti ya upole ya mtu aliyezoea kugombezwa tangu asubuhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kamwene."

"Kamwene, mama," Jackline alijibu, na watu wa kwenye foleni wakatabasamu kwa jinsi alivyoitamka salamu hiyo ya Kihehe. Aliichukua ile simu ya vitufe iliyofungwa raba, akaandika namba, akatulia. "Laini hii si yako, mama."

"Ni yangu. Ninayo tangu Saulo hajaota ndevu."

"Nakuamini. Lakini mfumo unasema ni ya Saulo Kalinga. Kadi hii ya zamani haiusomi mtandao mpya, lazima tuibadilishe. Na ili tuibadilishe, mwenyewe aweke kidole."

"Mwenye kidole nimemzaa mimi."

Watu wakacheka. Jackline hakucheka. "Nikupe laini mpya, mama? Kitambulisho si unacho siku hizi? Kwa jina lako mwenyewe, namba nzuri."

"Hiyo namba nzuri ataijua nani?"

"Utawaambia watu wako."

"Mtu wangu ninayetaka anipigie, sina pa kumwambia."

Akamweleza, maana alikwisha kuanza. Kwamba Saulo amenyamaza tangu mvua za kwanza. Kwamba dada yake Devota, aliyeolewa Iyunga kule Mbeya, aliibiwa simu na sasa ana namba ambayo kaka yake haijui. Kwamba namba ambayo Saulo aliishika kichwani ni hii moja, ya mama yake. Aliiimba kama wimbo tangu yuko darasa la saba. Ikizimika hii, hata kama atasimama mahali penye simu, atapiga wapi?

Jackline alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasogea karibu, akashusha sauti. "Njia nyingine ipo, mama, lakini Mungu apishe mbali. Mwenye laini akiwa ameshafariki, ndugu yake analeta cheti cha kifo. Laini inahamishiwa kwa ndugu."

"Mungu apishe mbali," Veneranda aliitikia, akabeba kikapu chake na kutoka. Lakini alikwisha kulisikia.

Safari ya Mbeya aliifanya wiki hiyo hiyo. Alilala Iyunga kwa Devota, katika chumba ambacho malori ya barabara kuu yaliyatikisa madirisha yake mpaka vikombe vikagongana kabatini. Devota alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache na mikono ya haraka. Kwa miezi alikuwa akijaribu kumwambia mama yake jambo lile lile, na usiku huo alilisema tena huku akikunja vitambaa.

"Mama, kaka angekuwa hai angekwishapiga."

"Tutamuuliza mwenyewe."

Waliuvuka mlima kuelekea Chunya wakiwa wamejifunika mashuka kwa baridi, wakateremkia upande wa pili kwenye joto na vumbi. Makongolosi palikuwa na kelele za makarasha, mitambo inayosaga mawe ya dhahabu, kiasi kwamba watu walizungumza kwa kupigiana kelele masikioni. Waliulizia, wakaelekezwa, wakaelekezwa tena, hata wakamfikia Asukile, mtu mzima wa Tukuyu aliyewahi kupanga chumba kimoja na Saulo. Alikuwa mweupe kwa unga wa mawe mpaka kwenye kope.

"Mama Saulo?" alisema, akaanza kuipangusa mikono kwenye suruali, ikazidi kuchafuka. "Ndaga, mama. Ndaga," alimsalimu kwa Kinyakyusa. "Alikuwa anakutaja mpaka tunamwambia basi."

"Yuko wapi?"

Asukile aliwaongoza mbali kidogo na karasha, nyuma ya marundo ya mifuko. Akasema akiwa ameinama. Kulikuwa na duara moja huko porini, shimo refu, walilokuwa wakichimba kwa zamu. Mvua za kwanza ziliponyesha, likatitia. Walioingia asubuhi ile hakuna aliyewahesabu, kila mtu alikuja kwa wakati wake. Wenzao walichimba kuwafuata mpaka udongo ukaanza kuwafunika na wao. Mwenye duara akakimbia. Wachimbaji wengine nao wakatawanyika siku ile ile kwa kuogopa kukamatwa, wakaenda machimbo mengine ambayo yeye hayajui hata majina.

"Ulimwona Saulo akiingia?" Veneranda aliuliza.

"Hapana, mama."

"Ulimwona akikimbia?"

"Hapana. Sikumwona tena. Nilimpigia, hakupatikana. Sikuwa na namba yenu."

Devota alitoa sauti moja, fupi, kama mtu aliyejichoma sindano. Akaondoka kuelekea kwenye bomba la maji, akiwa ameshika kichwa kwa mikono yote miwili. Veneranda alimfuata kwa macho. Alipoona yuko mbali, akamgeukia Asukile.

"Mwanangu, watu wazima wa kwetu watakupigia simu. Watakuuliza. Uwaambie ulimwona akiingia."

"Lakini sikumwona."

"Najua. Ungekuwa umemwona nisingekuomba."

Asukile alimtazama kama mtu anayeangalia kama mwenzake ana homa. "Mama, unataka nimuue mtu kwa mdomo?"

"Nataka simu yangu isizimike." Akamweleza habari za mnara, za kadi, za kidole, za cheti. Alieleza bila kutetemeka, kama anavyoeleza namna ya kuanza kitako cha kikapu. "Bila cheti, namba inakufa mwezi ukiisha. Ikifa, Saulo akipona huko aliko atapiga wapi?"

"Kwa hiyo unamfanyia msiba ili akupigie."

"Ndiyo."

"Sijawahi kusikia."

"Na mimi sijawahi."

Karasha lilizimwa ghafla, na katika ule ukimya mfupi Asukile alionekana mzee kuliko alivyokuwa. "Na akirudi?"

"Akirudi atanicheka mpaka aanguke. Tupeane namba, kisha wewe sema tu."

Hakumwambia Devota. Alidhani njiani atamwambia, na kwenye kupanda mlima akafungua mdomo, lakini binti yake alimlazia kichwa begani na kusema, "Afadhali umekubali, mama. Tumlilie kaka yetu, na yeye apumzike." Devota alikuwa mtu wa kweli, angesikia hila hiyo, angemfuata mtendaji wa kijiji na kumwambia. Veneranda akaufunga mdomo, akahesabu kwamba uongo mmoja utatosha.

Mtendaji aliitwa Gerson, mtu wa kujihadhari, asiyeandika jambo lolote bila kumwona mtu wa kulaumiwa. "Kijiji hakiwezi kuandika kifo ambacho hakijakililia," alisema. "Tumsikie shahidi, msiba ukae, halafu barua ya kwenda wilayani nitaitoa."

Wazee wakaja uani kwa Veneranda. Simu iliwekwa juu ya kigoda, ikafunguliwa sauti kubwa, nayo ikakoroma kama ilivyozoea. Mtandao ulikuwa wa wiki zake za mwisho.

"Wewe ndiye Asukile?"

"Ndiyo, wazee wangu. Shikamooni."

"Ulimwona Saulo Kalinga akiingia kwenye shimo?"

Kukawa na mkwaruzo mrefu. "Nilimwona."

"Rudia, tunasikia kwa mbali. Paza sauti."

"Nilimwona akiingia!" Asukile alipiga kelele, na wanawake waliokuwa wamesimama jikoni wakaitikia kwa kilio.

Hapo hakuna mtu ambaye angeweza kurudisha jambo nyuma. Matilda alikuwa wa kwanza kuvuka ua, khanga ikimdondoka, akiimba jina la Saulo na ule wimbo aliodaiwa. Watu wakaja na unga, maharage, kuni, sufuria za jumuiya. Vijana waliogema naye ulanzi wakakaa kwenye magogo, wakasimulia vituko vyake, wakacheka, wakanyamaza. Kaburi halikuchimbwa maana hapakuwa na mwili. Walichomeka msalaba karibu na kaburi la babu yake, wakaandika jina. Kijana mwenye brashi aliuliza tarehe ya kufa.

"Tarehe hatuijui," Veneranda alisema. Lilikuwa neno la kweli, na alilisema haraka mno.

Alikaa kwenye mkeka, simu imefungwa kwenye pindo la kitenge chake. Kila ilipotetemeka aliifungua kwa meno na kuiweka sikioni. Ni shangazi wa Mufindi, ni paroko, ni watu wa kutoa pole. Hakulia. Watu wakanong'ona kwamba uchungu umemkausha.

"Izime hiyo simu upumzike, Mama Saulo," Matilda alimsihi. "Watu hawaishi kupiga."

"Siwezi."

"Tutapokea sisi."

"Nimesema siwezi, Matilda."

Kando yake Devota alilia kwa mwili mzima. Alilia mpaka wanawake wakamshika miguu na kumpepea. Kila kilio cha binti kilimpata mama mahali pamoja, chini ya ubavu, na mara kadhaa alinyoosha mkono kumvuta sikio na kumnong'oneza, kisha mkono ukarudi pajani. Halafu siku ya mwisho ya msiba, wanakwaya walipoanza kuimba na sauti za wanaume zikaingia chini, Veneranda akasikia uso wake umelowa. Alikuwa analia. Akaogopa, kama mtu aliyejikuna kidogo tu akaona damu. Kwa muda ambao wimbo ule ulidumu, mwanawe alikuwa amekufa kweli, na ni yeye aliyemlaza pale.

Barua ya Gerson ilikwenda wilayani, na cheti kikatoka.

"Pole sana, mama," Jackline alisema pale Mlandege, akasimama kumpokea, akamtolea kiti. Sasa ilibidi kidole cha Veneranda mwenyewe kisomwe. Mashine ikakikataa. Kidole gumba, ikakataa. Cha shahada, ikakataa. Miaka ya kusuka vikapu vya nyasi za milulu ilikuwa imeisugua ile mistari mpaka ncha za vidole zikawa laini kama kokoto za mtoni. Jackline alivipangusa kwa kitambaa chenye maji, akavipuliza, akajaribu kimoja kimoja kwa subira, mpaka kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ambacho milulu haikukigusa sana, kikaitikiwa kwa mlio mdogo.

"Tayari. Sasa laini ni yako kabisa, Veneranda Kalinga." Akatoa simu mpya. Ilikuwa na vitufe kama ile ya zamani, ila ndani ilikuwa na mifumo miwili, kwa hiyo mnara ukibadilishwa haitajali. "Na zile laini zake nyingine usihangaike nazo, mama. Zimeshafungwa."

"Zipi?"

"Alizosajili kwa kitambulisho chake. Ipo moja. Taarifa ya kifo ikishaingia kwenye mfumo, zinafungwa zenyewe, wahuni wasije wakatumia jina la marehemu."

Veneranda aliishika simu mpya kwa mikono miwili. "Hiyo moja ndiyo yake. Ndiyo anayopigia."

Jackline alidhani huo ni msiba unaosema. Aliuweka mkono wake juu ya mkono wa mama. "Pole, mama."

"Ifungue."

"Haifunguki, mama. Ingebidi mwenyewe aje aweke kidole."

Nyuma yao foleni ilikuwa ndefu. Kulikuwa na mtu anayekohoa, na mwingine aliyeuliza kama leo watahudumiwa au la. Veneranda alimtazama yule msichana mwenye huruma, na ukweli wote ukamjaa mdomoni. Akisema kwamba Saulo hajafa, au kwamba hajui kama amekufa, cheti ni cha uongo, na laini aliyoishika itarudi kufungwa papo hapo. Akaumeza. Alishukuru, akasimama, akasahau kikapu, akakirudia.

Mwezi ulipoisha mafundi waliteremsha makasha ya zamani kwa kamba, wakayapakia kwenye gari na kwenda zao. Mtandao mpya ulikuwa mzuri, haikuwepo haja ya kuusingizia. Watu hawakusimama tena kwenye ukuta wa kanisa. Matilda alimwona mjukuu wake wa Dar es Salaam uso kwa uso, akalamba kioo cha simu kwa furaha, na kijiji kikamcheka wiki nzima. Sauti zilikuwa karibu, unasikia hata mtu akimeza mate. Pesa zilipotumwa, jina lililotokea lilikuwa Veneranda Kalinga, na katekista hakutania tena.

Simu ilimkuta amekaa barazani, milulu ikiwa imelowekwa kwenye beseni, asubuhi ya jua kali. Ilikuwa namba isiyo na jina kwenye simu mpya. Aliipokea haraka hata akapindua maji.

"Halo! Halo!"

"Mama Saulo, shikamoo. Ni Asukile, wa Makongolosi."

"Marahaba." Nyuma ya sauti yake alilisikia karasha, waziwazi, kama limewashwa nyuma ya nyumba.

"Mama, lile duara limefunguliwa. Amekuja mtu mwenye uwezo, kaleta katapila. Wiki hii wametolewa watu."

Veneranda aliibana simu sikioni.

"Tumewatambua wote, mama. Wengine kwa nguo, wengine kwa viatu. Ndugu zao wamefika kuwachukua. Chini kabisa kumefikiwa, nimeshuka mimi mwenyewe kuangalia, maana tangu siku ile ya wazee wako silali." Asukile alivuta pumzi, nayo ikasikika yote. "Saulo hayumo."

Maji ya beseni yalikuwa yakitambaa kwenye vumbi la uani, yakitafuta mteremko. Veneranda aliyatazama mpaka yakaingia chini ya ngazi.

"Mama, umenisikia?"

"Nimekusikia. Mtandao ni mzuri siku hizi."

"Nimempigia tangu alfajiri. Miezi ile ilikuwa ikisema hapatikani kwa sasa. Leo inasema namba hiyo haitumiki. Sijui amebadili, sijui vipi. Labda nimekosea, nikutajie, wewe uijaribu?"

"Usinitajie. Hujakosea."

"Mama?"

"Nimeifunga mimi. Kile cheti ndicho kilichoifunga. Sikujua." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, na mtu aliyekuwa akipita njiani angedhani anazungumzia mbegu. Ndani ya nyumba hapakuwa na mtu wa kumwambia. Devota alikwisha kurudi Iyunga, amevaa nguo nyeusi, amemwambia mama yake kwamba sasa anapata usingizi. Kuna siku angepaswa kumpigia na yeye, na hakujua ataanza na neno gani.

Veneranda alisikia watu wa kule wakimwita Asukile, na yeye akiwajibu kando ya simu, wangoje.

"Sasa tufanyeje, mama?"

Akafikiri. Aliwaza kijana amesimama mahali porini, simu yake mkononi imekuwa kijiwe, hajui kwa nini, labda anadhani nyumbani wamemtupa. Aliwaza kwamba hata akitembea mpaka dukani akatoa kidole, wataangalia mashine na kumwambia ni marehemu. Akalishika shina moja la milulu, akalipinda, akaliacha.

"Asukile, mwanangu."

"Naam, mama."

"Waulize watu wanaotoka machimbo mengine. Ukimwona, au ukimpata aliyemwona, mwambie aazime simu ya mtu. Ya mtu yeyote. Namba ya mama yake ni ile ile."